Land Rover 109 ya baba imelala tangu 2006 hapa Mikindani, injini imekamata. Nianzie wapi?

MwalimuWaMikindani

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Naomba ushauri kabla sijaharibu kitu. Baba ana Land Rover 109, Series III ya petroli, injini ya 2.25. Kadi inasema cc 2286. Alilinunua mnadani mwaka 1984 na ndilo lililotusomesha sisi sote. Lilikuwa linapanda Newala na magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho, linashuka na korosho. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, alikuwa akilala nalo Ndundu kusubiri kivuko cha Rufiji, na siku akirudi mama alikuwa anaujua mlio wake kabla halijakata kona, anateleka chungu cha pili.

Mwaka 2006 likaingizwa bandani. Tukaambiwa injini imekufa. Basi. Hakuna aliyeuliza imekufa nini, maana baba yangu si mtu wa kuulizwa mara mbili.

Wiki iliyopita kaja mnunuzi wa chuma chakavu na mzani wake wa kuning'iniza. Akaligonga bodi kwa kidole, akagundua ni aluminiamu, macho yakamtoka. Baba yuko barazani na tasbihi yake, kimya. Mimi ndiye niliyejibu, nikasema haliuzwi, litawaka. Nimelisema mbele ya majirani, na wajukuu wamesikia.

Hali yenyewe ni hii. Matairi yamekaa chini. Chasi ina kutu upande wa nyuma ila nikiigonga kwa nyundo inalia, haitoboki. Chini ya kiti, kwenye tenki, kunanuka rangi ya zamani. Hendeli ya kuzungushia injini ipo. Nimeichomeka mbele, nimeining'inia na kilo zangu 84, injini haijatikisika. Betri mpya nimeshanunua. Jirani mwenye pikipiki tatu, anayejiita fundi, anataka tupige stata "itajiachia yenyewe". Ndiyo sababu niko hapa usiku huu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, spana nazijua kwa namba tu.

FundiMstaafuLindi

Marahaba mwalimu.

Hiyo betri itoe bandani, iwashie taa watoto wasome. Na huyo jirani mpe chai, usimpe spana.

Nikueleze kwa nini. Injini ikizimwa haisimami ikiwa imejifunga yote. Lazima iko silinda ambayo valvu yake imebaki wazi. Kwenu pale upepo wa bahari unaingia kwenye bomba la ekzosi, unapita kwenye ile valvu iliyo wazi, unakaa juu ya pistoni na chumvi yake. Ringi, zile pete za pistoni, ni chuma na silinda ni chuma. Mara nyingi silinda moja tu ndiyo inayozishika hizo tatu nyingine. Sasa ukipiga stata unaikamua kwa nguvu: ringi inakatika, au valvu iliyoganda inaipinda pushrodi, ile fimbo inayoisukuma. Hapo ndipo injini itakufa kweli.

Toa plagi zote nne. Kabla hujachomoa waya hata mmoja, ziandike namba, na namba moja ni ile ya upande wa rejeta. Kila tundu mimina vijiko vitatu vya chakula, nusu dizeli nusu oili nyepesi. Wapo wanaotumia oili ya giaboksi ya otomatiki, nayo inafaa. Kesho ongeza, keshokutwa ongeza. Hendeli usiiguse mpaka siku ya nne. Najua utaigusa.

Wakati unangoja, mwaga oili ya zamani. Yakitangulia kutoka maji, acha kila kitu uje uniambie. Ikitoka oili nyeusi, mshukuru Mungu uendelee. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inachukua lita 6, na chujio linakula karibu lita moja zaidi, kwa hiyo usiende dukani na kidumu cha lita 4 kama wenye gari ndogo. Kisha fungua mpira wa hewa ulio kati ya mkebe wa hewa na kabureta, tazama ndani kwa tochi. Usitie mkono. Tazama tu kwanza.

MtaniWaNewala

Mwalimu, uza kwa kilo ununue bajaji mbili. Sisi huku juu tulishayasahau hayo magari, nyie watu wa pwani mnayatunza kama makaburi ya masharifu.

DadaSpea_Masasi

Msimsikilize huyo, babu yake analo lile lile na kuku wanatagia humo.

Mwalimu, mimi nauza spea Masasi. Kwa gari lililokaa hivyo, kiwambo cha mpira cha pampu ya mafuta kitakuwa kimekauka, hilo usiliwekee dau. Na gasketi ya kifuniko cha valvu utahitaji, ile ya zamani ikifunguliwa hairudi. Duka langu halina, ila naagiza Gerezani, Dar, inakuja na basi la usiku. Nitumie picha ya pampu kwanza, maana zipo zenye kikombe cha kioo chini na zisizo nacho. Na plagi usinunue za bei ya karanga.

MwalimuWaMikindani

Fundi, mrejesho wa siku sita.

Hendeli niliigusa siku ya pili. Samahani.

Oili imetoka nyeusi, nzito kama lami, maji hakuna. Mpira wa hewa nimeufungua. Ndani kulikuwa na korosho. Panya amelifanya ghala, ameanzia kwenye mkebe wa hewa mpaka kwenye kona ya mpira, zimepangana vizuri kuliko zetu ghalani. Nimezihesabu, ndiyo kazi yangu: 117, na mbili tu ndizo mbovu. Mama kasema panya huyo anajua daraja la kwanza. Kwenye bomba la ekzosi nyigu wamejenga kwa udongo, nimetoboa kwa mwiko wa mwashi uliochongoka, umetoka udongo wa kujaza bakuli.

Sasa injini. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne dizeli ilikuwa inashuka kila usiku, asubuhi naongeza. Ya tatu haikushuka. Imekaa vilevile kama maji ya kwenye mtungi. Nikaelewa adui ni nani.

Siku ya nne hendeli haikusogea. Siku ya tano haikusogea. Leo tumejaza matairi upepo (matatu yameshika, la nne tumeazima), nikaweka gia ya nne, vijana wakawa wanalisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo, bila papara, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mara ya kumi na kitu nikasikia *tk*. Kidogo sana. Nikasema rudieni. *Tk* nyingine. Nikatoa gia, nikakamata hendeli, ikaenda robo mzunguko! Mpwa wangu alikuwa anachungulia tundu la plagi ya tatu, ile dizeli yote ikamrukia usoni. Amesharudi kutoka kuoga, hataki tena ufundi.

Baba aliangalia yote kutoka barazani. Kasema neno moja tu: "Taratibu."

Swali: nimefungua kifuniko cha valvu kama ulivyowahi kumwambia mtu mwingine, nikazungusha polepole. Valvu saba zinashuka na kupanda. Moja ya silinda ya tatu imeshuka, haikupanda.

FundiMstaafuLindi

Mwalimu, umefanya vizuri kuliko vijana wangu wa gereji. Ulipoigusa hendeli siku ya pili nilikuwa nimeshakusamehe.

Valvu hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa upepo wa bahari. Zungusha injini kinyume kidogo ili roka, ule mkono unaoisukuma valvu chini, isiikandamize, halafu tia dizeli kwenye shina lake, subiri. Kisha chukua mpini wa nyundo, wa mti si wa chuma, ugonge kichwa cha springi kama unabisha hodi kwa mkwe. Itaanza kujibu. Tia tena, gonga tena, zungusha kwa mkono tu mpaka ipande yenyewe mara ishirini mfululizo. Ukiona saba zinaenda na moja inasuasua, usiendelee. Ikishakaa sawa, pima nafasi: valvu zote nane, za kuingiza na za kutolea, ni milimita 0.25.

Petroli iliyomo tenkini usiitie kwenye injini hata tone. Hiyo si petroli tena, ni gundi. Pampu itakuja kwa Dada, kwa hiyo kwa sasa acha tenki. Chukua kidumu safi cha lita 5, tia lita mbili, kifunge mahali palipo juu kuliko kabureta, vuta mpira mpaka kwenye kabureta. Kiwe mbali na ekzosi, na ndoo mbili za mchanga ziwe karibu. Kabureta yenyewe, kama ni Zenith, ifungue juu ya sinia jeupe ili kisikupotee kitu. Matundu yake madogo yapulize kwa upepo. Usipitishe waya. Waya unakuza tundu, utakuja kulalamika gari linakunywa kama ngamia.

Maji ya rejeta: visima vyenu vya karibu na pwani vina chumvi, tumia ya mvua. Kama mna tangi la bati kutoka masika, hayo ndiyo yenyewe.

DadaSpea_Masasi

Kiwambo na gasketi vimepanda basi jana, kesho pitia stendi. Fundi, mteja mmoja hapa ananiuliza: hizi injini za zamani zilikuwa za petroli yenye madini ya risasi, na siku hizi haipo. Haitakula viti vya valvu?

FundiMstaafuLindi

Petroli ya risasi iliondolewa nchi zetu mwishoni mwa 2005. Mwenye kukimbiza gari na mzigo mchana kutwa atakula viti, ndiyo. Huyu mwalimu ataenda nalo msikitini na sokoni. Apime nafasi ya valvu mara kwa mara. Ikiwa inapungua pungua, kiti kinazama, aniite.

MwalimuWaMikindani

Valvu imekubali. Ilichukua siku mbili za kubisha hodi.

Nimefuata kila kitu. Oili mpya, chujio jipya, maji ya mvua. Plagi zikiwa nje nimepiga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazima, wajukuu wakapiga makofi, wakadhani ndiyo limewaka. Pointi, zile ncha mbili za kukatia umeme ndani ya distribyuta, nimezisugua kwa msasa laini, nikapima kwa ile karatasi ngumu ya kiberiti uliyoniambia kwenye simu, kisha nikaazima kipimo cha kweli kikasoma 0.40 kamili. Nikarudisha plagi, nikavuta choki, nikapiga stata.

Kimya. Linazunguka vizuri, petroli inanuka, ila halikohoi wala halipigi chafya. Nimetoa plagi nikaigusisha kwenye bloku: hakuna cheche. Nimebadilisha kondensa. Hakuna. Jirani wa pikipiki kaja kusimama tu, hasemi, anatabasamu.

FundiMstaafuLindi

Waya wa katikati, ule unaotoka koili kwenda kwenye kifuniko cha distribyuta. Uchomoe upande wa kifuniko, uushike kwa kipande cha mpira mkavu karibu na bloku, mwenzio azungushe. Una cheche?

MwalimuWaMikindani

Ipo! Ya bluu, inalia kabisa.

FundiMstaafuLindi

Basi koili nzima, pointi nzima, kondensa nzima. Moto unaingia kwenye kifuniko na hautoki. Fungua kifuniko. Juu ya ule mhimili wa katikati kumekaa nini?

MwalimuWaMikindani

Hakujakaa kitu. Ni kijiti kitupu cha chuma chenye mfuo pembeni. Ndivyo nilivyokikuta siku ya kwanza nilipofungua kusafisha pointi, nikajua ndivyo kilivyo.

FundiMstaafuLindi

Mwalimu.

Hapo pana rota. Kipande cheusi kidogo, urefu wa kidole gumba, juu kina bati la shaba nyeupe au njano. Ndicho kinachogawa moto kwenda plagi moja moja. Bila hicho unaweza kuzungusha mpaka Idi.

Rota haidondoki yenyewe, kifuniko kimebanwa na vishikizo viwili. Panya hafungui vishikizo. Zamani, gari halina kufuli la maana, mwenye gari akilala ugenini anachomoa rota anatia mfukoni. Mwizi atapiga stata mpaka betri ife. Sisi madereva wa miaka ile tulikuwa tunalala na rota chini ya mto.

Muulize mzee. Kwa adabu, na iwe baada ya kula.

MtaniWaNewala

Naomba mtu aniamshe mwalimu akirudi. Nimeacha kuangalia mpira kwa ajili ya hii.

MwalimuWaMikindani

Nimeuliza.

Tulikuwa tumemaliza ming'oko na chai. Nikasema, baba, fundi wa Lindi anauliza kama unaijua rota ilipo. Hakushtuka. Alimtuma mjukuu chumbani, juu ya kabati, kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na pete ya marehemu bibi, funguo mbili ambazo hakuna anayejua za wapi, na kifurushi cha kitambaa cha kanga kilichofungwa fundo. Fundo lile tulilifungua kwa meno. Rota imo, imepakwa mafuta ya mgando, inang'aa kama imetoka dukani.

Sasa hapa niseme ukweli, mbele yenu wote. Mwaka 2006 nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kuna usiku nililichukua lile gari bila ruhusa, nikapakia vijana tukaenda ngomani Naliendele. Nililirudisha alfajiri, taa ya kushoto imevunjika, nikasema ni mbuzi. Baba alisema sawa. Kesho yake ndiyo "injini ikafa".

"Halikufa," kaniambia. "Nililificha. Nilikusudia mwezi mmoja. Ukaenda chuo, mwezi ukaota miguu."

Nikamuuliza, sasa siku zote hizi naning'inia kwenye hendeli umekaa unaniangalia?

"Hukuuliza."

Mama yuko jikoni anacheka mpaka anakohoa. Inaelekea alijua.

DadaSpea_Masasi

Mbuzi! 😂 Haya, limewaka?

MwalimuWaMikindani

Subirini, bado.

Nimeweka rota, nimefunga kifuniko, nimepiga stata. Likakohoa! Likapiga mshindo kwenye kabureta, moshi mweupe, kuku wote juu ya mnazi. Halikuwaka. Nikarudia. Mshindo. Namba nilizoandika kwa chaki kwenye waya za plagi zilikuwa zimefutika nilipozipangusa kwa petroli, kwa hiyo nilikuwa nimezirudisha kwa akili yangu.

Baba kaondoka barazani. Mara ya kwanza tangu kazi ianze. Kaja na bakora yake, kasimama mbele ya boneti, kaangalia waya.

"Umepangaje?"

"Moja, mbili, tatu, nne."

"Darasa la kwanza hilo," kasema. "Moja, tatu, nne, mbili."

Akashika waya mwenyewe, mikono inatetemeka kidogo ila haikosei tundu. Akanionyesha pia kwamba rota ya injini hii inazunguka kinyume cha saa, nifuate njia hiyo hiyo. Kisha akafukuza watoto wote nyuma ya mwembe, akaniambia nisipige stata, nishike hendeli: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke mpini, maana injini ikirudisha nyuma inavunja mkono. Nikavuta juu mara moja.

Likawaka.

Kwanza kwa kusuasua, moshi wa ile oili tuliyomimina ukajaza banda mpaka barabarani, watu wakaja wakidhani pana moto. Baada ya dakika tatu hivi likatulia. Mlio ule ule. Mama katoka jikoni na mwiko mkononi. Baba akaegemea kwenye bawa la gari akainamisha sikio, akasema ya tatu bado inachechemea. Nimechomoa waya wa tatu, mlio haukubadilika hata kidogo. Kweli ndiyo yenyewe.

FundiMstaafuLindi

Mpe mzee shikamoo yangu. Ya tatu ringi zake bado zimelala ndani ya mifuo. Iache iungurume dakika ishirini kila siku, oili hii uimwage mapema, itakuwa na uchafu wote wa miaka hiyo. Nyingi zinajiachia zenyewe kwa joto. Isipojiachia ndani ya wiki mbili nitakuja, nauli juu yako na pweza juu ya mama.

Na sikia: kuwaka si kutembea. Breki za hilo gari ni ngoma, na zile silinda ndogo za kwenye magurudumu zimeganda, nakuapia. Fungua magurudumu yote manne kabla hujatoka getini. Dada, mwandalie mipira ya breki.

DadaSpea_Masasi

Naandaa seti ya magurudumu manne. Mwalimu nitumie picha ya silinda moja ikiwa wazi, zipo za saizi mbili.

MtaniWaNewala

Nimefuta maneno yangu ya bajaji. Nani ana namba ya fundi, nikawatoe kuku wa babu.

MwalimuWaMikindani

Picha nitatuma Jumamosi, Dada.

Ila kuna jambo. Leo asubuhi nimekwenda bandani kuliungurumisha zile dakika ishirini. Linazunguka, haliwaki. Nikafungua kifuniko cha distribyuta.

Rota haipo.

Nimekwenda barazani. Nimeamkia, nimekaa chini. Safari hii nauliza.